Kupima Umri wa Mabaki ya Kale

Umri wa mabaki ya kale hutafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mpangilio: kuonyesha kwamba kitu hiki kilitangulia kile, bila kutaja miaka. Ya pili ni ya hesabu: kupima ndani ya kitu badiliko ambalo mwendo wake unajulikana, kisha kutoa jibu kwa miaka. Njia ya pili ndiyo yenye sifa, kwa kuwa ina mashine, maabara na tarakimu, lakini bila ya kwanza haisimami. Maabara hupima kitu kilicholetwa mezani: kipande cha mkaa, punje ya mchanga, fuwele ya jivu la volkano. Mwanaakiolojia anataka kujua jambo jingine: mtu alifariki lini, moto uliwashwa lini, msikiti ulijengwa lini. Kati ya kitu na tukio kuna pengo, na makosa mengi makubwa katika historia ya fani hii yametokea ndani ya pengo hilo.

Kanuni ya matabaka ni nyepesi. Udongo, mchanga au jivu lililotandikwa kwanza hukaa chini, na kilichokuja baadaye hulala juu yake. Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuiona kanuni hiyo kwa macho, maana maji yamekata ardhi hadi kina cha karibu mita 90 na kuacha kuta zenye mistari ya rangi tofauti. Wanajiolojia wameyapa matabaka hayo namba, Tabaka la I likiwa chini kabisa. Kilichomo ndani ya Tabaka la I ni cha zamani kuliko kilichomo ndani ya Tabaka la II.

Ila ardhi huchimbwa. Mwaka 1913 mwanajiolojia wa Kijerumani Hans Reck alikuta Olduvai kiunzi cha mifupa ya mtu ndani ya Tabaka la II, lenye mabaki ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Mifupa yenyewe ilikuwa ya mtu kama wa leo. Ikiwa mtu huyo aliishi na wanyama wale, basi umbo la binadamu wa sasa lilikuwa la kale kupita kiasi. Ubishi ulidumu karibu miaka 20. Louis Leakey, aliyekwenda Olduvai pamoja na Reck mwaka 1931, aliukubali umri huo mkubwa, kisha akalazimika kuuacha baada ya uchunguzi wa madini kuonyesha kwamba udongo ulioshikamana na mifupa ulikuwa na chembe za tabaka la juu zaidi. Mtu yule alikuwa amezikwa. Kaburi lake lilipenya hadi kwenye udongo wa zamani, na kifusi cha juu kikaingia pamoja naye. Hakuna mashine iliyokosea hapo; kilichokosekana ni kuuona ukingo wa shimo.

Kuna kipimo cha kikemia kinachosaidia kugundua mgeni wa aina hiyo. Mifupa iliyolala pamoja ardhini hufyonza floridi ya maji kwa pamoja, kwa hiyo mifupa ya umri mmoja mahali pamoja inatarajiwa kuwa na kiwango kinachokaribiana. Kipimo hicho hakitoi miaka, lakini ndicho kilichoanza kuifichua hila ya Piltdown, Uingereza, ambako tangu mwaka 1912 fuvu la mtu na taya la orangutani vilikuwa vimepewa heshima ya babu wa binadamu. Kenneth Oakley alipima floridi mwaka 1949, na mwaka 1953 ulaghai ukatangazwa hadharani.

Kwa nyakati za mbali sana, Afrika Mashariki ina bahati ya volkano. Miamba ya volkano ina potasiamu, na katika kila atomu milioni moja za potasiamu ya kawaida, karibu 117 ni za potasiamu 40, ambayo huvunjika polepole. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25; muda huo wa kupungua kwa nusu huitwa nusu-maisha. Karibu atomu moja kati ya tisa zinazovunjika hugeuka argoni 40, na zinazobaki hugeuka kalisi. Argoni ni gesi. Lava inapokuwa uji wa moto, gesi hiyo hutoroka. Lava ikipoa na fuwele kuganda, argoni inayozaliwa hunaswa ndani. Anayepima argoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki anapata muda uliopita tangu mlipuko.

Kipimo hiki kilibadilisha historia ya binadamu kwa ghafla. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la zamadamu katika Tabaka la I la Olduvai, lile lililopewa jina la Zinjanthropus na ambalo sasa ni hazina ya Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Makadirio ya wakati huo yalikuwa karibu miaka 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima majivu ya tabaka hilo na kutangaza pamoja na Louis Leakey umri wa miaka milioni 1.75. Wengi hawakuamini, kwa sababu umri wa ubinadamu uliongezeka mara tatu kwa makala moja. Vipimo vya baadaye vimeusogeza nyuma zaidi kidogo, hadi karibu miaka milioni 1.84.

Vipimo hivyo vya baadaye ni vya argoni kwa argoni. Sampuli huingizwa kwanza katika kinu cha nyuklia, ambamo neutroni huigeuza sehemu ya potasiamu yake kuwa argoni 39. Kwa hiyo potasiamu na argoni hupimwa kwa pamoja, katika fuwele ile ile, kwa kuiyeyusha kwa leza. Faida yake kubwa ni kupima fuwele moja moja. Njia ya zamani ilihitaji kusaga kiasi kikubwa cha jivu, na ndani ya jivu mtu hajui kuna nini.

Kilichokuwamo ndani ya jivu kilionekana Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya. Jivu liitwalo KBS lilikuwa limelala juu ya tabaka lenye visukuku na zana za mawe. Frank Fitch na Jack Miller walipoipima sampuli ya kwanza walipata umri wa zaidi ya miaka milioni 200, zama za dinosaria. Wenyewe waliona mara moja kwamba jivu hilo limechanganyika na punje za miamba ya kale zilizosombwa na maji. Walichagua fuwele safi zaidi, na mwaka 1970 wakatoa umri wa miaka milioni 2.61. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kikosi cha Richard Leakey, aliona chini ya jivu hilo vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kwa namba 1470. Fuvu hilo lilikuwa na ubongo mkubwa. Kwa kuwa lilikuwa chini ya jivu la miaka milioni 2.61, likahesabiwa kuwa la karibu miaka milioni 2.9.

Waliopinga hawakuwa na maabara ya argoni. Walikuwa na nguruwe. Basil Cooke alikuwa akifuatilia meno ya nguruwe mwitu wa kale, ambayo yalibadilika umbo haraka na kwa mpangilio unaofuatika. Nguruwe wa chini ya jivu la KBS walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, waliotoka katika matabaka ya karibu miaka milioni 2. Mtu aliyeamini argoni alipaswa kudai kwamba nguruwe wa Turkana waliwatangulia kwa miaka laki kadhaa wenzao wa jirani, katika bonde moja, na hilo halikukubalika kirahisi. Mwaka 1975 Curtis alipata umri ulio chini ya miaka milioni 2. Baadaye vipimo vya Ian McDougall vilifika miaka milioni 1.88, nyufa ndogo zinazoachwa na urani ndani ya madini ya zirkoni zikahesabiwa na kutoa jibu lile lile, na kemia ya kioo cha jivu ikaonyesha kwamba jivu la KBS na jivu mojawapo la Omo ni la mlipuko mmoja. Nguruwe walikuwa sahihi. Ubishi huo ulichukua takriban miaka kumi na kuharibu urafiki wa watu kadhaa. Lakini kama nguruwe wasingekuwapo, miaka milioni 2.61 ingebaki vitabuni kwa muda mrefu zaidi.

Laetoli, kilomita zipatazo 45 kusini mwa Olduvai, pengo kati ya kitu na tukio karibu halipo. Majivu mepesi ya volkano yalianguka, mvua ikanyunyiza na kuacha vidoa vya matone, wanyama wakapita, na zamadamu nao wakapita kwa miguu miwili. Jivu liligeuka gumu kama saruji na kufunikwa na jivu jingine. Nyayo zilizofukuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978 na 1979 zimepewa umri wa miaka milioni 3.66, na hapa umri wa jivu na umri wa matembezi hayo hautofautiani ila kwa siku chache. Ni nadra mno.

Mahali ambapo volkano hazikusaidia, dunia yenyewe imeacha alama nyingine. Uga wa sumaku wa dunia umegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini, na chembe za chuma ndani ya lava au matope hulala kwa kufuata mwelekeo wa siku hizo. Mgeuko wa mwisho ulitokea karibu miaka 780,000 iliyopita. Kipindi kimojawapo, kati ya takriban miaka milioni 1.95 na milioni 1.77, kimeitwa Olduvai kwa heshima ya korongo lile, na wataalamu wa sakafu ya bahari ya Atlantiki nao hulitumia jina hilo. Kipimo cha sumaku hakitaji mwaka. Hubana tu umri uliokwisha kukisiwa.

Kwa miaka 50,000 ya mwisho, mfalme ni kaboni 14. Miale kutoka angani hugonga hewa ya juu na kuzaa neutroni, nazo huigeuza nitrojeni kuwa kaboni 14. Kaboni hiyo huungana na oksijeni, huingia majanini, kisha katika miili ya walao majani na walao nyama. Kiasi chake ni kidogo mno, takriban atomu moja katika kila atomu za kaboni trilioni moja. Kiumbe akifa haongezi nyingine, na iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Willard Libby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliionyesha njia hii mwaka 1949 kwa kupima mbao ambazo umri wake ulijulikana, zikiwamo za makaburi ya wafalme wa Misri, na mwaka 1960 Libby alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Yeye alitumia nusu-maisha ya miaka 5,568. Hadi leo maabara hutaja umri ghafi kwa kipimo hicho cha zamani ili tarehe zote zilinganike, na huhesabu kurudi nyuma kutoka mwaka 1950. Msomaji anayekuta maneno "miaka 1,200 kabla ya sasa" anapaswa kukumbuka kwamba "sasa" hiyo imesimama mwaka 1950.

Umri ghafi si miaka ya kalenda. Kiasi cha kaboni 14 hewani kimepanda na kushuka, kwa hiyo matokeo husawazishwa kwa kulinganishwa na pete za miti zilizohesabiwa mwaka kwa mwaka. Mkunjo wa usawazishaji haukunyooka. Kati ya mwaka 800 na 400 KK umelala karibu bapa, na mbao za mwanzo na za mwisho wa karne hizo nne hutoa umri ghafi unaokaribiana. Hilo linaugusa ukanda wa Ziwa Nyanza moja kwa moja, kwa kuwa baadhi ya tarehe za mwanzo za wafua chuma wa Kagera, Rwanda na Burundi zinaangukia humo humo. Mtu anayetaja mwaka mmoja kwa matanuri yale anadai usahihi ambao kaboni haiwezi kumpa. Mkaa wenyewe una mtego wa ziada. Umri unaopimwa ni wa pete ya mti, siyo wa moto. Kiini cha mti wa miaka 300 kilikwisha acha kupokea kaboni karne tatu kabla ya shoka. Punje ya mtama au ya wimbi, iliyoota na kuvunwa msimu mmoja, ni shahidi bora kuliko gogo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, zilipobuniwa mashine zinazohesabu atomu zenyewe badala ya kusubiri zivunjike, punje moja iliyoungua inatosha.

Pwani ina matatizo yake. Kaboni ya baharini ni kongwe, maana maji ya kilindini hukaa karne nyingi bila kugusana na hewa. Kombe aliyekufa jana huonekana kama aliyekufa karne kadhaa zilizopita. Wastani wa dunia ni karibu miaka 400, na kila pwani ina tofauti yake. Mifupa ya wavuvi walioishi kwa samaki hurithi uzee huo kwa kiasi. Boriti za mikoko ni nzuri kwa kipimo, ila huondolewa nyumba moja zikatumika katika nyingine. Chokaa nayo inavutia. Matumbawe yanapochomwa tanurini hupoteza kaboni yake, na chokaa ikikauka ukutani hufyonza kaboni ya hewa ya siku hizo. Kinadharia ukuta wa jiwe na chokaa hubeba mwaka wa kujengwa kwake. Kwa vitendo, kijipande kimoja cha tumbawe ambacho hakikuungua vizuri, au mchanga wa kombe uliochanganywa na chokaa, huingiza kaboni ya maelfu ya miaka na kuuzeesha ukuta wote.

Zaidi ya miaka 50,000 kaboni haina la kusema. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, wachimbaji walikuta shimo dogo lenye mifupa iliyolainika kiasi kwamba ilikuwa karibu kugeuka unga. Donge zima la udongo lilipakwa plasta na kubebwa hadi maabara. Ndani yake alikuwamo mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Umri wake ulipatikana kwa mchanga.

Punje za kwatsi na felspa hupokea daima mionzi midogo kutoka ardhini, na mionzi hiyo hunasisha elektroni katika kasoro za fuwele. Jua likiipiga punje, elektroni hizo huachiliwa na hesabu kuanza upya. Punje ikifunikwa, zinaanza kurundikana. Sampuli huchukuliwa kwa kugongomea bomba la chuma katika ukuta wa shimo na kuliziba ncha zote mbili; maabarani hufunguliwa kwa mwanga mwekundu hafifu tu. Punje humulikwa, nazo hutoa mwangaza unaolingana na mionzi ziliyokusanya. Jumla ya mionzi ikigawanywa kwa mionzi ya kila mwaka, jibu ni miaka tangu jua lilipoonekana mara ya mwisho. Sehemu ngumu ni kigawanyo. Ni lazima kujulikana urani, thoriamu na potasiamu ya udongo unaoizunguka punje, na unyevu pia, kwa sababu maji huzuia mionzi. Pango lililokuwa na majimaji zamani kuliko leo hudanganya. Mtoto wa Panga ya Saidi alitangazwa mwaka 2021 kuwa wa takriban miaka 78,000, kaburi kongwe kuliko yote ya binadamu yaliyokwisha kupatikana Afrika. Swali la Reck liliulizwa tena, safari hii mapema: watafiti walichunguza udongo wa shimo na udongo wa pembeni hadi walipothibitisha kwamba mwili ulilazwa shimoni na kufunikwa kwa makusudi.

Vyombo vya udongo hupimwa kwa njia inayofanana na hiyo, ambapo moto wa kuchomea chungu ndio uliofuta hesabu. Matumbawe na vichomozi vya mapangoni hupimwa kwa urani inayogeuka thoriamu, hadi karibu miaka 500,000. Njia za urani zinafaa pia pale ambapo mahali penyewe pamekwisha haribiwa. Fuvu la Kabwe, Zambia, lilitolewa mgodini mwaka 1921, na mgodi ukaumeza mlima lilimotoka. Kwa miaka mingi lilikisiwa kuwa la nusu milioni. Mwaka 2020 vipimo vya fuvu lenyewe na vya masalia yaliyohusishwa nalo vilitoa takriban miaka 299,000.

Kwa miji ya Waswahili, mara nyingi kigae kinaipita maabara. Vigae vya mitungi ya Ghuba yenye rangi ya buluu na kijani, vyungu vilivyochorwa kwa kukwaruzwa, kauri za Kichina: kila aina ina karne zake, na Neville Chittick aliipangia Kilwa historia yake kwa vitu hivyo pamoja na sarafu. Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka. Chittick alimweka sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi zenye miaka yake. Dinari hizo haziendi zaidi ya karne ya 11. Hazina inaweza kuzikwa muda mrefu baada ya sarafu yake ya mwisho kupigwa, kwa hiyo ushahidi huo si msumeno. Hata hivyo tarehe ya Chittick ilitikisika, na watafiti wengi sasa humrudisha sultani huyo nyuma zaidi ya karne moja.

Maandishi pia hudanganya yakiachwa peke yake. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mengine ya kujengwa upya katika karne ya 18. Jiwe ni la karne ya 12. Kuta nyingi zinazoonekana si zake. Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine iliyofuatana, ya chini kabisa ikiwa matundu tu ya nguzo za mbao. Hapo kaboni, vigae na sarafu viliwekwa katika mpangilio wa sakafu, kila kimoja kikimbana mwenzake, na mwanzo ukafika karne ya 8. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa takwimu: kompyuta huambiwa ni sakafu ipi iliyotangulia ipi, kisha hukataa sehemu ya kila tarehe isiyopatana na mpangilio. Tarehe hutoka nyembamba zaidi, mradi mchimbaji hakukosea sakafu.

Alama ya kujumlisha na kutoa inayofuata tarehe ya maabara nayo ina maana yake maalumu. Umri wa 1,200 ± 30 unadai kwamba kuna nafasi mbili katika tatu umri ghafi wa kweli uwe kati ya 1,170 na 1,230. Alama hiyo inahusu upimaji peke yake. Haijumuishi kaburi lililopenya wala boriti ya mtumba.

Nyingi za tarehe zinazotajwa kwa mabaki ya kale sana ni za mpaka tu. Mifupa ya mtu iliyopatikana Omo Kibish, Ethiopia, mwaka 1967 ilipewa mwaka 2005 umri wa karibu miaka 195,000. Juu ya tabaka la mifupa hiyo lipo jivu laini mno lisilopimika kwa argoni. Mwaka 2022 kemia ya jivu hilo ililinganishwa na mawe ya volkano ya Shala, iliyo mbali na hapo, yakawa ya mlipuko mmoja; na mawe ya Shala, yenye fuwele kubwa, yalipopimika yakatoa miaka 233,000, zaidi au pungufu 22,000. Mifupa iko chini ya jivu, kwa hiyo mtu wa Omo hawezi kuwa mdogo kuliko mlipuko ule. Ukomo wa upande wa pili, wa umri mkubwa kabisa anaoweza kuwa nao, unasubiri jivu jingine lipimike chini yake.